Kujing'oa nywele pamoja na sonona, wasiwasi au OCD: uanze kutibu kipi?

Mtu anayejing'oa nywele na hana tatizo lingine lolote la akili ni adimu kuliko wengi wanavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa kwa watu wazima zaidi ya 10,000 nchini Marekani, ulikuta asilimia 1.7 wana ugonjwa huu, na asilimia 79 ya hao walikuwa na angalau ugonjwa mwingine mmoja wa akili. Yaliyoongoza ni wasiwasi, sonona, OCD (ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ya kurudiarudia), athari za kiwewe na ADHD (tatizo la umakini na kutotulia). Wanaume na wanawake walikaribiana kwa idadi, ingawa wanaojitokeza kutibiwa wengi ni wanawake.

Kwa hiyo swali la kuanzia wapi linawahusu karibu wote. Muda ni mchache, nguvu ni chache, na mtaalamu anayeujua ugonjwa huu vizuri hapatikani kirahisi. Wengi huambiwa: "Tutibu sonona kwanza, nywele zitatulia zenyewe." Naamini ushauri huo umewachelewesha watu wengi. Mara nyingi nywele hazitulii zenyewe, kwa sababu dawa zinazoinua moyo uliozama na kutuliza wasiwasi hazijaonyesha nguvu ya kutosha dhidi ya mkono unaong'oa. Kujing'oa nywele kuna tiba yake, na tiba hiyo isicheleweshwe bila sababu. Sababu za kuichelewesha zipo, ila ni chache, nami nitazitaja.

Kwanza jua mkono wako unafanyaje

Mtu amekaa anasoma. Mkono mmoja umeshika kitabu, mwingine unapanda taratibu hadi utosini. Vidole vinapapasa, vinaziruka nywele laini, vinautafuta unywele mmoja mnene, wenye mikunjo, ambao ukiuvuta kati ya vidole unakwaruza. Unang'oka. Anautazama mzizi mweupe wenye unyevu, anaupitisha mdomoni, anaudondosha. Kurasa kadhaa baadaye anaziona nywele mapajani na hakumbuki zimefikaje pale.

Mwingine amejifungia bafuni mbele ya kioo, kibano mkononi. Anajua vizuri anachokifanya. Ametoka kugombana na mtu, kifua kimembana, na kila unywele wa nyusi unaotoka unamwachilia kidogo. Akimaliza anaona aibu, anajisuta, na ile aibu inamrudisha pale pale kwenye kioo.

Wa kwanza anang'oa bila kujijua, wa pili anang'oa kwa kukusudia, na wagonjwa wengi wana vyote viwili kwa viwango tofauti. Kung'oa kwa kukusudia huenda zaidi na wasiwasi, sonona na hisia nzito. Kung'oa bila kujijua hustawi mahali umakini ulipolegea: mbele ya televisheni, kwenye foleni, kitandani kabla ya usingizi. Kabla hujachagua tiba yoyote, andika kwa wiki moja au mbili kila tukio: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa ukihisi nini, mkono gani, ulitoa nywele ngapi kwa kukadiria. Daftari hilo litakusaidia kuchagua kuliko jina lolote la ugonjwa.

Kama hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa nywele zinang'olewa na mkono wako, daktari wa ngozi aangalie kwanza. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili unaoacha mabaka laini kabisa kichwani, wakati anayejing'oa huwa na mabaka yenye nywele zilizokatika kwa urefu tofauti tofauti. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Njia tatu zilizopo mezani

Njia ya kwanza ni kutibu ugonjwa mwenza kwanza na kuziacha nywele zisubiri. Faida yake ni kwamba wataalamu wa sonona na wasiwasi wapo wengi zaidi, na dawa zao zinajulikana. Hasara yake ni kwamba miezi inapita, mabaka yanapanuka, na mgonjwa anakata tamaa akiona moyo umetulia lakini kichwa hakijabadilika. Ajabu ni kwamba yeye ndiye hujilaumu, wakati tiba aliyopewa haikulengwa kwenye nywele tangu mwanzo.

Njia ya pili ni kuanza na nywele. Inamfaa mtu ambaye ugonjwa mwenza ni mwepesi au umetulia, na hasa yule ambaye huzuni yake imezaliwa na nywele zenyewe: amejificha chini ya kilemba tangu utotoni, ameacha kuogelea, hataki mtu amguse kichwa, amevunja uchumba ili siri isijulikane. Kwa mtu huyu, kutibu nywele ni sehemu ya kutibu huzuni.

Njia ya tatu ni kutibu vyote kwa pamoja, kila kimoja kwa tiba yake. Ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Masharti yake ni mawili: wanaokutibu wawe wanawasiliana, na usianze vitu viwili vipya wiki moja. Ukianza dawa mpya na mazoezi mapya siku hiyo hiyo, mambo yakibadilika hutajua kilichofanya kazi, na yakiharibika hutajua cha kuacha.

Jambo moja linavunja mpangilio wote huu. Penye mawazo ya kujiua, penye saikosisi (kupoteza uhusiano na uhalisia), penye kupanda kwa hisia kwa ugonjwa wa baipola, au penye ulevi wa kuhatarisha maisha, hilo linatangulia na nywele zinasubiri. Hapo sina mjadala.

OCD: ndugu wanaofanana sura, wasiofanana tabia

Hapa ndipo watu huchagua vibaya zaidi, na chanzo chake kinaeleweka. Jina la kitabibu la ugonjwa huu wa kujing'oa nywele, trikotilomania, lilitolewa na François Henri Hallopeau, daktari wa ngozi wa Ufaransa, mwaka 1889. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliingiza ugonjwa huu mwaka 1987, ukauweka pamoja na matatizo ya kushindwa kujizuia. Mwaka 2013 ukahamishiwa kwenye ukoo wa OCD. Uhamisho huo ulikuwa na sababu nzuri, lakini uliwaacha wengi wakidhani kwamba dawa ya OCD ni dawa ya nywele pia.

Walinganishe kwa karibu. Mwenye OCD ananawa mikono kwa sababu wazo linamwandama: nisiponawa, mtoto ataugua. Kunawa hakumpi raha, kunapunguza hofu kwa muda. Anayejing'oa nywele kwa kawaida hana wazo la namna hiyo. Anafuata kitu kwenye vidole, mvutano unaoachia, mara nyingi na raha kidogo ambayo anaona haya kuikiri. Tiba kuu ya mazungumzo kwa OCD ni kumkabilisha mtu na kinachomtisha huku akijizuia kutenda, mpaka hofu ipungue. Tiba kuu ya nywele, iitwayo mafunzo ya kugeuza mazoea, ni kuufundisha mkono njia nyingine. Ukimpa mwenye nywele tiba ya OCD peke yake, unampa mazoezi ya kushinda hofu ambayo hana.

Jiulize swali hili, ulijibu kwa ukweli: nikiuacha unywele huu, naogopa nini kitatokea? Jibu likiwa "hakuna, ila nitakosa utulivu," huko ni kujing'oa nywele kwa asili yake, na mafunzo ya kugeuza mazoea ndiyo yanayotangulia. Jibu likiwa "mama atapatwa na jambo baya," basi kung'oa ni tendo la OCD na tiba ya OCD iongoze. Jibu likiwa "hazitakuwa sawa pande zote mbili," uko katikati, na mtaalamu mzuri atachanganya tiba zote mbili. Na ukisema unang'oa kwa sababu nyusi zako ni mbaya na kila mtu anaziona, hali watu hawaoni kitu, mwambie daktari maneno hayo hayo. Yanaweza kuwa ni ugonjwa wa kuuchukia mwonekano wa mwili, ambao una tiba yake nyingine.

Ukiwa na OCD ya kweli na unang'oa nywele pia, tibu vyote viwili kwa wakati mmoja, ila kila kimoja kiwe na mazoezi yake na ukurasa wake kwenye daftari. Dawa ya OCD ipimwe kwa OCD. Nywele zisiwe shahidi wa kuihukumu.

Sonona

Hapa napenda kuuliza kipi kilitangulia. Kujing'oa nywele huanza zaidi kati ya miaka 10 na 13. Sonona kwa wengi huja baadaye, na si ajabu ikaja ikiwa imebeba miaka ya kuficha na kujichukia. Mtu wa namna hii akipewa vidonge tu, huzuni inaweza kupungua huku chanzo chake kimojawapo kikiendelea kila usiku.

Lakini kuna upande wa pili, na ni wa kweli. Mafunzo ya kugeuza mazoea yanadai nguvu. Lazima uandike, ufanye mazoezi, uvumilie siku mbaya na kurudi tena. Mtu ambaye haamki kitandani, haogi, na halioni jambo lolote lenye maana, hawezi kazi hiyo. Kumpa daftari la nywele wakati huo ni kumpa kitu kingine cha kushindwa. Kwake sonona itangulie, mpaka atakapoweza kutimiza jambo dogo alilojiahidi kwa siku kadhaa mfululizo. Hapo nywele ziingie, wala zisisubiri sonona iishe yote.

Wasiwasi

Hapa uamuzi ni mwepesi zaidi: tibu pamoja. Kupumua taratibu, kulegeza misuli na kuivumilia hamu bila kuitii ni mambo yanayosaidia pande zote mbili. Kama wasiwasi ni mkali kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kutoka nyumbani, dawa za jamii ya SSRI (dawa za sonona na wasiwasi zinazogusa kemikali ya ubongo iitwayo serotonini) kama sertralini zina msaada mkubwa, mradi zitolewe zikitajwa wazi kuwa ni za wasiwasi.

ADHD

Mwenye ADHD mkono wake hautulii, na akishika jambo linalomchosha mkono unatafuta kazi. Kung'oa kwake mara nyingi ni kule kwa bila kujijua. Tatizo lake kwenye tiba si kutokujua la kufanya. Anajua, anasahau. Daftari linapotea, mazoezi yanafanywa siku tatu yanaachwa, na mtaalamu asiyejua ADHD anamwona mvivu.

Je, dawa ya umakini inasaidia? Kwa baadhi ya watu, umakini ukirudi wanaunasa mkono mapema na tiba ya tabia inashika. Kwa wengine hali imekuwa kinyume: zipo taarifa za kitabibu za watu, wakiwemo watoto, walioanza au kuzidisha kung'oa baada ya kupewa methilfenideti au dawa nyingine za kuchangamsha. Hilo si sababu ya kuikataa dawa ambayo inamwezesha mtu kusoma na kufanya kazi. Ni sababu ya kuhesabu. Andika matukio ya kung'oa kwa wiki mbili kabla ya kidonge cha kwanza, halafu endelea kuandika kila dozi inapobadilishwa. Ukiona kung'oa kunaongezeka, mpelekee daktari ukurasa huo. Anaweza kushusha dozi, kubadili dawa, au kutumia isiyo ya kuchangamsha.

Na kwa ADHD, vizuizi vya mwili vina thamani kuliko mazungumzo marefu: plasta kwenye kidole gumba na cha shahada, glavu nyepesi wakati wa kusoma, kofia ya kulalia, kitu chenye mikwaruzo cha kuchezea mkononi. Kimoja kiwekwe kwenye kila mahali daftari lilipoonyesha kuna hatari.

Kiwewe, baipola na jamaa wa karibu

Aliyepitia unyanyasaji au ajali mbaya anaweza kuwa anang'oa nywele ili atulie kumbukumbu zinapomvamia, au ili arudi mwilini pale anapojihisi yuko mbali na nafsi yake. Kwa huyu sipendi haraka ya aina yoyote. Kumnyang'anya njia pekee ya kujituliza kabla hajapata nyingine ni kumwacha mikono mitupu, na kumfungulia kumbukumbu zote bila maandalizi huweza kuzidisha kung'oa. Aanze kujifunza kujituliza, na hapo mafunzo ya mkono yanaingia vizuri, kisha kiwewe chenyewe kishughulikiwe na mtaalamu wake.

Mwenye baipola ahakikishe kila anayemwandikia dawa anajua hilo. SSRI na klomipramini (dawa nyingine ya OCD na sonona) zikitolewa bila dawa ya kuzuia mihemko zinaweza kumpandisha.

Kujichokonoa ngozi na kung'ata kucha huenda sana na kung'oa nywele. Zana ni zile zile na hakuna haja ya kuchagua kipi kwanza. Angalia tu mkono usihame: nywele zikipona na vidonda vikianza mashavuni, kazi bado.

Zana zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| Tiba | Kwa nywele | Kwa ugonjwa mwenza | Cha kuangalia |
|---|---|---|---|
| Mafunzo ya kugeuza mazoea | Ndiyo yenye ushahidi wa nguvu zaidi | Hayaugusi moja kwa moja | Yanadai mazoezi ya kila siku |
| Mafunzo hayo pamoja na tiba ya kukubali hisia au kuzimudu | Nzuri, hasa kwa kung'oa kwa kukusudia | Wasiwasi, sonona, hisia kali | Wanaoijua ni wachache |
| SSRI | Dhaifu | Sonona, wasiwasi, OCD, kiwewe | Mawazo ya kujiua kwa vijana mwanzoni, baipola |
| Klomipramini | Ya wastani | OCD, sonona | Moyo, usingizi, hatari ikizidishwa |
| NAC (kiongeza lishe) | Imesaidia watu wazima, si watoto | Kidogo | Tumbo, harufu mbaya, pumu |
| Memantini | Jaribio moja la kutia moyo | Haijathibitika | Kizunguzungu, kuumwa kichwa |
| Olanzapini | Jaribio dogo, matokeo makubwa | Baipola, saikosisi | Uzito, sukari |

Mafunzo ya kugeuza mazoea yaliasisiwa na Nathan Azrin na Gregory Nunn mwaka 1973. Yanaonekana mepesi mno yakisimuliwa, ndiyo maana watu huyadharau. Mtaalamu anakuambia urudie tendo polepole bila kung'oa. Mkono unatoka pajani, unagusa shavu, unapita nyuma ya sikio, unapanda. Anakusimamisha pale sikioni: hapa kila mara unagusa kabla ya kupanda, hii ndiyo kengele yako. Kuanzia siku hiyo, kidole kikigusa sikio unakunja ngumi, unabana kiwiko ubavuni, unakaa hivyo kama dakika moja au mpaka hamu ipite. Tendo hilo mbadala linatakiwa liwe kitu ambacho mkono hauwezi kukifanya na kung'oa kwa wakati mmoja, na ambacho hakimshangazi mtu akikiona. Juu ya hapo unabadilisha mazingira, na unamchagua mtu mmoja wa karibu atakayekukumbusha kwa upole na kukupongeza.

Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walilinganisha tiba ya tabia, fluoksetini, na kukaa kwenye orodha ya kusubiri. Tiba ya tabia ilishinda. Fluoksetini haikufanya vizuri kuliko kusubiri. Kwangu mimi hilo ndilo jambo ambalo kila mgonjwa angepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Udhaifu wa tiba ya tabia ni kwamba faida yake hupungua baada ya miezi kadhaa kwa wengi, hasa mtu asiporudi kwa mtaalamu mara moja moja kukumbushwa. Ndiyo maana baadaye wakaongeza tiba ya kukubali hisia: unajifunza kuiacha hamu ikae bila kuipigania wala kuitii. Mwenye sonona au wasiwasi akiipata tiba hii ya mchanganyiko, aichague kabla ya ile ya peke yake.

Kwenye dawa, uangalifu unahitajika kuhusu idadi ya watu waliopimwa. Klomipramini ilisifiwa kutokana na jaribio la mwaka 1989 lenye wanawake 13 tu. Ina maana zaidi kwa mtu mwenye OCD nzito pamoja na nywele, kwa kuwa inaweza kuzigusa zote mbili. Lakini inakausha mdomo, inaleta usingizi, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ikimezwa kupita kiasi inaua. Mwenye mawazo ya kujiua asiwe na chupa yake ndani ya nyumba.

NAC ni kiongeza lishe kinachogusa kemikali ya ubongo iitwayo glutameti. Jaribio la mwaka 2009 la watu 50, karibu wote watu wazima wanawake, lilionyesha asilimia 56 ya waliokunywa NAC walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 16 ya waliokunywa kidonge kisicho na dawa. Dozi ilikuwa miligramu 1,200 hadi 2,400 kwa siku, na ilichukua wiki kadhaa kabla tofauti haijaonekana. Mwaka 2013 matokeo ya jaribio la watoto na vijana 39 yakachapishwa, na hakukuwa na tofauti. Kwa mtu mzima anayetumia tayari dawa ya sonona, NAC ni nyongeza ninayoiona ya busara kuizungumza na daktari, hasa kwa vile madhara yake kwa kawaida ni mepesi. Mwenye pumu au anayetumia dawa za moyo aulize kabla ya kununua.

Memantini, dawa ya kumbukumbu za wazee, ilijaribiwa kwa watu wazima 100 wenye tatizo la nywele au la kujichokonoa ngozi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Baada ya wiki nane, asilimia 60.5 ya waliopewa dawa walikuwa na nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 8.3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni tofauti ya kushangaza, na natamani jaribio hilo lirudiwe na wengine, kwa watu wenye magonjwa mwenza mazito. Olanzapini nayo, dawa ya saikosisi na baipola, kwenye jaribio la watu 25, iliwapa nafuu asilimia 85 dhidi ya 17. Hata hivyo inaongeza uzito na kuvuruga sukari, kwa hiyo kuitumia kwa nywele peke yake ni bei kubwa. Kwa mwenye baipola anayeihitaji kwa sababu nyingine, hesabu inabadilika.

Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote mahsusi kwa trikotilomania. Kila kidonge kilichotajwa hapa kinatolewa kwa uamuzi wa daktari akijua hivyo.

Akiwa ni mtoto

Kwa mtoto mdogo asiyefikia umri wa kwenda shule, tabia hii mara nyingi huisha yenyewe, na kumchapa au kumfokea huizidisha. Kwa mkubwa zaidi, tiba ya tabia ndiyo chaguo la kwanza, wazazi wakiwa ndani yake. Usianze na vidonge kwa ajili ya nywele. Kama ana wasiwasi au ADHD pia, shule ijulishwe kadiri mtoto mwenyewe anavyoridhia, maana kuvuliwa kofia mbele ya wenzake kunaweza kumrudisha nyuma miezi.

Muulize bila kumtisha kama anazimeza nywele. Nywele hazisagiki tumboni, zinaweza kujikusanya zikawa donge kubwa linalohitaji upasuaji. Maumivu ya tumbo, kutapika, kushiba haraka, kukonda au upungufu wa damu kwa mtu anayezila nywele, awe mtoto au mtu mzima, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Maneno ya kwenda nayo kwa mtaalamu

Muulize kama amewahi kutibu mtu anayejing'oa nywele, na alitumia njia gani. Akitaja kugeuza mazoea au tiba ya tabia iliyolengwa kwenye nywele, mko pamoja. Akisema tutafute kwanza chanzo cha utotoni na mkono utaacha wenyewe, omba rufaa, au umwombe muangalie pamoja namna mafunzo hayo yanavyofanywa. Mtaalamu wa kawaida mwenye nia njema anaweza kujifunza hatua zake.

Akikuandikia dawa, muulize: hii ni ya nini, sonona au nywele? Tutajuaje inafanya kazi, na baada ya muda gani? Dawa ya sonona hupewa wiki nne hadi sita, ya OCD hadi kumi na mbili. Tiba ya tabia mara nyingi ni vikao nane hadi kumi na mbili. Muda huo ukipita bila mabadiliko kwenye daftari lako, omba mbadilishe au muongeze kitu, si kuendelea vile vile mwaka mzima.

Na ukiona sonona imepungua lakini nywele bado zinang'oka, usiiache dawa ya sonona ghafla kwa kuudhika. Kuikatisha huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na kurudi kwa huzuni, na mtu aliyerudi kitandani hataweza mazoezi ya mkono. Mweleze daktari kwamba dawa imefanya kazi yake kwenye sonona, na sasa unataka tiba ya nywele iongezwe juu yake.